Masega ya Gari Hayatolewi
Kijitabu kwa wenye magari, mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu



Malalamiko yanayofika ofisini kwetu yanafanana. Gari la petroli limepelekwa gereji kwa jambo dogo, plagi au breki. Likirudi linanguruma kuliko zamani, moshi wake unawasha macho, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Mwenyewe akiuliza, anaambiwa masega yalikuwa yameziba, yametolewa ili asaidike. Wapo pia walioridhia wenyewe baada ya kuahidiwa fedha taslimu na gari jepesi. Kwa wote hao tunasema neno moja: masega hayatolewi. Si kwa kuuza, si kwa kubana matumizi ya mafuta, si kwa sababu fundi amesema.

Kinachouzwa ni nini

Chini ya gari, kati ya injini na sailensa, kuna chombo cha chuma kilichotuna. Ndani yake kuna masega yenyewe, yaani kipande cha kauri chenye vitundu vyembamba vingi. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa alumina, na juu ya alumina zimetawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo yote hayazidi gramu chache. Ila gramu moja tu ya alumina hiyo ina uso wa mita za mraba zipatazo 100, na kazi yote hufanyika juu ya uso huo. Hapo ndipo kaboni monoksaidi inapogeuzwa kuwa kaboni dioksaidi, petroli isiyoungua ikaunguzwa, na oksidi za naitrojeni zikavunjwa kuwa naitrojeni ya kawaida.

Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilivuka dola 25,000 kwa wakia moja. Anayekuambia chombo hicho ni uchafu wa kutupa, yeye hakitupi.

Tumejuaje kwamba kinafanya kazi

Tunaulizwa swali hili mara nyingi, tena kwa ukali, na ni haki kulijibu. Mjerumani Gerhard Ertl alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2007 kwa kuchunguza kinachotokea gesi inapogusa uso wa madini. Alitumia chumba cha chuma kilichonyonywa hewa hadi ikabaki kama sehemu moja kati ya trilioni kumi ya hewa tunayovuta. Bila hivyo, uso safi wa platinamu hufunikwa na takataka za hewani kabla hujapima chochote. Akarusha elektroni kwenye uso huo, akasoma zinavyorudi. Ikaonekana kwamba kaboni monoksaidi hunata juu ya platinamu ikiwa nzima, lakini molekuli ya oksijeni lazima kwanza ipasuke kuwa atomu mbili, nayo huhitaji nafasi tupu kwenye uso. Kaboni monoksaidi ikijaa kila mahali, oksijeni haina pa kutua, na kazi inasimama.

Jambo hilo linagusa maisha yako. Injini ikiwa ya baridi, uso umejaa kaboni monoksaidi na masega hayajaanza kufanya kazi. Huanza yakifika nyuzi joto 250 hivi. Kwa hiyo hata gari lenye masega mazima halipashwi moto ndani ya banda lililofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200. Gari lililotolewa masega huitoa asubuhi, mchana na usiku, kwenye foleni, nje ya shule, dirishani kwa mama ntilie. Tunarudia: masega hayatolewi.

Mbinu nyingine, aliyoiendeleza Kai Siegbahn wa Uppsala, Uswidi, akapata Nobel ya fizikia mwaka 1981, hupiga uso kwa eksirei na kupima elektroni zinazochomoka. Nishati ya elektroni hizo hutaja elementi iliyoko pale, katika tabaka lisilofika nanomita kumi. Masega yaliyokufa yakipimwa hivyo, adui huonekana kwa jina: salfa ya mafuta, fosforasi na zinki za oili inayoungua, na zamani risasi ya petroli. Ni sababu mojawapo iliyofanya nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziache petroli yenye risasi kufikia Januari 2006. Ni sababu mojawapo pia iliyofanya Jumuiya ya Afrika Mashariki ishushe salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Hatua hizo ni kubwa na ofisi hii inajivunia kuzisemea. Hatutakubali zifutwe kwa msumeno wa gereji.

Onyo kwa fundi na mnunuzi

Masega kuziba ni dalili. Injini ikimisi, petroli mbichi huungua ndani ya kauri na kuiyeyusha. Tibu plagi na koili kwanza. Tunajua pia ujanja wa kuirudisha nyuma sensa ya oksijeni kwa kipande cha bomba ili taa izime. Taa itazima, sumu itaendelea kutoka.

Usivunje kauri kwa nyundo. Vumbi lake, pamoja na nyuzi za mkeka unaoizunguka, likiingia kwenye mapafu halitoki kirahisi. Anayejaribu kuchomoa platinamu nyumbani kwa kuchanganya asidi ya naitriki na ya haidrokloriki anazalisha mvuke unaoweza kumuua yeye na wanawe waliolala chumba cha pili. Tunasema tena: usivunje, usichemshe.

Kipimo cha moshi

Kipimo cha moshi ofisini kwetu ni kwa magari ya petroli yaliyosajiliwa. Pikipiki, bajaji na mitambo ya shamba havimo. Njoo na kadi ya gari na kitambulisho. Mengine utaelezwa dirishani.

Kabla ya kuacha gari gereji, inama utazame chini. Piga picha ya chombo cha masega na maungio yake. Ukirudi, kabla ya kulipa, inama tena. Ukiona weldi mpya, au bomba lililonyooka palipokuwa na uvimbe, usilipe na usiondoke. Taka chombo chako kirudishwe. Taka pia gari lisomwe kwa kompyuta mbele yako. Msimbo P0420 maana yake masega hayafanyi kazi ipasavyo. Andika jina la gereji, tarehe na saa, kisha peleka taarifa polisi siku hiyohiyo, picha zote mbili zikiwa mkononi.