Mama Hayumo Kwenye Orodha Yako

*Shangazi. Mimi ni kijana wa Ikungi, niko Ohio, Marekani, nasomea takwimu. Mahafali yetu ni wiki ijayo. Ufadhili ulilipa ada, bweni na chakula, lakini viza na nauli zilichangwa nyumbani: baba mdogo aliuza ng'ombe wawili, kanisa likafanya harambee, majirani wakatoa. Sijarudi tangu Agosti 2022, na viza yangu ilishakwisha. Nikimaliza nina siku 60 tu za kukaa. Huku mabweni yanafungwa, wenzangu wanafungasha, wengine wazazi wao wamekuja kuwachukua. Nyumbani wameanza kuagiza. Nimeandika orodha, imefika watu 31: simu, viatu, suti ya baba mdogo, saa ya mchungaji, laptopu ya mtoto wa mwenyekiti. Mama sijamweka, yeye hajaagiza kitu. Kila nikimuuliza anasema nirudi salama tu. Akiba yangu ni dola 640. Kuna jamaa wa Columbus ananiahidi kazi ya ghalani miezi sita, malipo mkononi, bila makaratasi. Nibaki nijikusanye kwanza, au nirudi hivi hivi nichekwe?*

*Msomi wa Ikungi*

Haya, mwanangu. Barua yako nimeikata, kwa sababu kurasa mbili nzima zilikuwa za bei za simu.

Habari ya ghala niimalize mapema. Usiende. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi chuoni, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na nje ya chuo kwa kibali tu. Ukishika kazi bila kibali umejiondolea mwenyewe uhalali wa kuwa kule. Na huyo jamaa anayelipa mkononi akiamua asikulipe, utamshtaki kwa nani na wewe unajificha?

Kama shida yako ni kupata uzoefu wa kazi, kwa kanuni za kawaida njia halali ipo. Kibali cha mwaka mmoja ambacho ninyi wanafunzi mnakiita OPT, na kwa fani kama takwimu kinaweza kuongezwa miezi 24. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni ndiyo inayoanzisha safari hiyo, na ombi lazima lifike idara ya uhamiaji kabla siku zako 60 hazijaisha. Lakini fahamu jambo hili: tangu 1 Januari 2026 Tanzania imo katika nchi ambazo raia wake wamewekewa zuio la viza mpya za masomo na za matembezi. Wewe viza yako imekwisha. Ukitoka kuja kusalimia, kurudi kumalizia kibali ni vigumu mno. Kwa hiyo kubaki, hata kihalali, maana yake ni mwaka mwingine, au mitatu, bila kumwona mama yako. Hesabu hiyo ifanye ukiwa umekaa chini, si kwa haraka za wiki ya mahafali.

Sasa nakuja kwenye sentensi iliyonifanya nichague barua yako. "Mama sijamweka, yeye hajaagiza kitu."

Nimeisoma tena barua yote nikimtafuta mama yako. Kwenye waliotoa umemtaja baba mdogo na ng'ombe wake, umelitaja kanisa, umewataja majirani. Mama hayumo. Kwenye watakaopokea wamo watu 31, hadi mtoto wa mwenyekiti. Mama hayumo. Wewe unasomea takwimu, na uliondoka mwezi ule ule wa Sensa ya 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba mkoani kwetu Singida wakahesabu zaidi ya watu milioni mbili. Karani asiyemjua alimhesabu mama yako. Mwanawe amemruka mara mbili katika barua moja.

Haya, niambie. Pasipoti yako ililipiwa na nani? Nauli ya basi kwenda Dar es Salaam kwa usaili wa ubalozi, na mahali pa kulala, ilitoka wapi? Daftari za kidato cha kwanza mpaka cha sita? Ng'ombe wa baba mdogo wanakumbukwa kwa sababu waliuzwa siku moja, mbele ya watu, na mnunuzi akahesabu noti kila mtu akiona. Mama huuza kuku mmoja mmoja. Leo jogoo, wiki ijayo mitetea miwili kwa mchuuzi wa tenga anayepakia kuku wa kienyeji wa Singida kwenda Dar, na fedha inaishia kwenye sare na sabuni kabla hujajua ilikuwepo. Mama yako mwenyewe simfahamu. Akina mama wa Ikungi nawafahamu. Msimu huu wanapura alizeti: vichwa vilivyokauka vimemwagwa juu ya turubai, mama amepiga magoti na kifimbo, anapiga mpaka mbegu zinaachia, kisha anasubiri upepo wa alasiri apepete. Gunia likijaa linapelekwa kwenye mashine, mafuta yanarudi kwenye dumu, mashudu yanauzwa. Mikono inayofanya kazi hiyo huwa na mipasuko ambayo mafuta ya mgando hayaitibu. Na mwenye mikono hiyo ukimpigia simu kumuuliza aletewe nini, anakuambia urudi salama.

Hilo ni agizo, mwanangu. Kati ya wote walioagiza, yeye ndiye aliyeagiza kitu ulicho na uwezo wa kukileta kwa dola 640 na tiketi. Nawe unapanga kukaa miezi sita ghalani bila makaratasi, yaani unataka kumnyima salama aliyoiomba ili umnunulie saa mchungaji.

Ndiyo maana sikubali kwamba unaogopa kuchekwa. Kijana aliyehitimu takwimu Marekani hachekwi Ikungi. Atasemwa wiki mbili kwenye vijiwe, basi. Unachoogopa ni kukaa na mama yako jikoni bila sanduku katikati yenu. Miaka minne ni mingi. Umekuwa mtu mzima huko, umepita baridi na upweke ambao hukumsimulia, na yeye amezeeka kidogo bila wewe kuona. Watu 31 wenye maagizo ni kazi ngumu, lakini kazi hiyo unaijua: bei, vipimo, uzito wa kilo 23 kwa sanduku. Mama asiyetaka chochote humjui utamfikiaje. Basi umemwondoa kwenye hesabu ili usisikie anapokuita.

Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu jambo hili nimelipigia kelele katika safu hii kwa muda mrefu. Familia zetu zimejifunza kumhudumia anayedai. Mjomba anayepiga simu mara tatu kwa wiki ndiye anayetumiwa. Dada aliyekaa na wazazi, anayefua na kupeleka watu hospitali, haombi, basi hapati. Napokea barua za vijana walioko Muscat, Dubai, Mwanza, hata hapo Dodoma tu, na mpangilio ni huo huo: fedha inafuata sauti. Halafu siku mnyamavu anapougua, ndipo watu wanakimbia na bahasha na kulia kuliko wote. Mimi sitaki mama yako afikiwe na fedha yako akiwa kitandani. Mtu anayenyamaza ana mahitaji kama wengine. Amezoea tu kuyaweka mwisho, na wewe umezoea kumwacha huko huko mwisho.

Sisemi deni la ukoo si deni. Ni deni, tena la heshima. Mwaka 2022 ada ya viza ilikuwa dola 160 na ile ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni dola 350. Hiyo tayari ni zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya tiketi ya ndege. Baba mdogo alipotoa ng'ombe wake hakuwa anacheza. Lakini deni lina kiasi, na kiasi kinasemwa kwa mdomo. Suti hailipi ng'ombe wawili; inamfunga mdomo tu, na wewe unabaki na deni moyoni miaka kumi. Chukua orodha hiyo, weka alama kwa waliotoa. Waliobaki ni watu waliosikia kuna mtu anatoka Marekani wakaagiza, kama ambavyo mimi na wewe tungeagiza. Hao watasalimiwa kwa mikono miwili na kupewa peremende za watoto. Mwenyekiti alichanga? Hukuandika. Kama hakuchanga, laptopu ya mwanawe ni jukumu lake.

Na usidhani ni wewe wa kwanza kurudi na kujikuta mikono mitupu. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, katika zile safari za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya, safari ambazo zilibeba pia vijana wa Tanganyika. Wakati huo wazazi na majirani walichangishana kama walivyochangishana kwenu. Alisoma biolojia Atchison, Kansas, kisha Pittsburgh. Mwanzoni mwa 1966 akarudi Nairobi akiwa na ahadi ya kazi chuo kikuu, akafika akakuta nafasi amepewa mtu mwingine. Fikiria macho ya watu. Akapata nafasi nyingine, kwenye anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 alikuwa na shahada ya uzamivu. Ninampenda mama yule kwa mengi, lakini kwa hili hasa: alikuwepo nyumbani wakati mlango wa kwanza unafungwa, akabaki kutafuta wa pili. Anayefika Juni hii ana muda wa kukosa na kujaribu tena. Anayejikusanya hana tarehe ya kumaliza kujikusanya, kwa sababu orodha inaongezeka kadiri anavyochelewa.

Kuhusu kazi, usije kichwa kichwa. Kabla hujaondoka hakikisha hudaiwi na chuo, maana vyuo vingine hushikilia vyeti vya wanaodaiwa, na uondoke na nakala rasmi za matokeo yako. Ukifika, peleka shahada Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itambuliwe. Bila hiyo maombi ya kazi serikalini yatakwama. Fuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko Dodoma, nusu siku tu kwa basi kutoka kwenu. Sikuahidi kwamba watakuita. Nasema tu kwamba fani yako inahitajika huku, na kwamba kuitafuta kazi ukiwa unalala kwa mama si aibu hata kidogo kwa mtu wa umri wako.

Wiki ijayo utavaa joho. Mpigie mama kwa video kabla hujaingia ukumbini, mtafute binamu mwenye simu nzuri na bando akae naye, na umwambie saa ngapi hasa, kwa saa za Ikungi, ili asiwe shambani. Mwambie jina la shahada yako taratibu, aweze kulitaja kanisani. Usimuulize tena anataka nini. Muulize nani alilipia pasipoti, na ukae kimya asimulie.

Kisha kata tiketi. Ukishuka Dar siku hizi kuna treni ya mwendokasi mpaka Dodoma, uliondoka haijaanza. Kutoka hapo ni basi la Singida, unapita Manyoni, unashuka Ikungi. Kwenye sanduku weka kitenge kizuri ulichokichagua mwenyewe, hata kama ni cha Dodoma sokoni, na mafuta ya mikono yake. Baba mdogo mfuate nyumbani kwake siku ya pili, asubuhi, peke yako. Mwambie ng'ombe wawili unawakumbuka, huna fedha yao leo, na utaanza kumlipa mwezi wa pili baada ya kupata kazi, kiasi hiki na hiki. Kitaje kiasi.