Vyuma vya Mazoezi Nyumbani: vya Kununua, vya Kuunda na vya Kuacha

Nyuma ya nyumba nyingi za Ukunda kuna kona yenye bomba la maji lililochomekwa mikebe miwili ya rangi iliyojaa zege. Hiyo ndiyo jimu ya nyumbani kwa vijana wengi wa mitaa kama Mvindeni. Upande wa pili, katika baadhi ya nyumba za Diani, utakuta mashine kubwa ya kung'aa iliyovushwa feri ya Likoni kwa gharama, nyaya zake zimeshika kutu na mikono yake imegeuzwa pa kuanikia taulo. Mmoja ametumia kidogo akajiweka hatarini, mwingine ametumia nyingi akapata kamba ya nguo. Makala haya yanamweleza mkazi wa kaunti namna ya kupita katikati.

Swali la kwanza ni kama vyuma vina haja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa kasi au shughuli nyingine ya kiasi. Wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya nguvu na ya kujishikilia wima siku 3 au zaidi, ili wasianguke. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Mgema anayepanda minazi kila asubuhi, mvuvi wa Gazi anayevuta nyavu au mama wa Kinango anayebeba maji hahitaji kuambiwa habari ya nguvu. Lakini karani wa mapokezi hotelini, dereva wa tuktuk na mwenye duka hukaa kutwa nzima, na miili yao inajua.

Kuna pia wanaofanya nyumbani kwa sababu nyingine. Wanawake wengi wa pwani hawapendi kunyanyua vyuma mbele ya wanaume, na si kila mtaa una ukumbi wenye saa za wanawake peke yao. Kwao, kona ya uani yenye pazia ndiyo jimu pekee watakayoitumia kweli.

Kipimo cha kwanza: uzito unaoongezeka

Kosa la kawaida dukani ni kutazama ukubwa wa chuma badala ya kuuliza kama uzito wake unaweza kuongezwa kidogo kidogo. Misuli hukua ikipewa kazi inayozidi taratibu. Mwenye dambeli za kilo 5 na za kilo 10 tu ana tatizo, kwa kuwa hatua moja kati yake ni kuongeza mzigo mara mbili. Atabaki na zile ndogo hadi zimchoshe, au arukie kubwa na kuumia bega. Seti moja ya dambeli za kubadilisha sahani, zenye vipande vya kilo moja na kilo moja na robo, inamfaa kuliko jozi tano za uzito usiobadilika, na huchukua nafasi ndogo chini ya kitanda.

Kwa kipimo hicho, chombo bora kwa anayeanza kinapatikana karibu kila nyumba nacho ni mtungi wa plastiki wa lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukitia lita 7 una kilo 7 na ushei kidogo kwa uzito wa mtungi wenyewe. Wiki ijayo ukiongeza nusu lita umeongeza nusu kilo. Hakuna dambeli dukani inayopanda kwa hatua ndogo namna hiyo. Mtungi unafaa kwa kuchuchumaa na kusimama ukiwa umeukumbatia kifuani, kuuinua kutoka chini kwa kukunja nyonga badala ya mgongo, kuuvuta kuelekea ubavuni, na kutembea nao ukibadilisha mkono. Ujazwe maji kamili au uwe na maji kiasi cha kutofika shingoni, maana maji nusu huyumba, na ingawa kuyumba huko kunafanyisha misuli kazi ya ziada, anayeanza asijaribu kuubeba juu ya kichwa. Mkono wa mtungi ukaguliwe kwanza. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi huwa nyeupe na hupasuka bila kutoa taarifa.

Kwa mikono, kibuyu cha mafuta ya kupikia cha lita 5 kikijaa maji ni kilo 5, na kikijaa mchanga mkavu hukaribia kilo 8.

Ukiamua kununua

Vyuma virefu vya kushika kwa mikono miwili viko vya aina mbili kuu, na wauzaji wa mitumba huvichanganya. Chuma cha mashindano kina urefu wa mita 2.2, uzito wa kilo 20, na ncha zake zina unene wa milimita 50. Cha nyumbani huwa kifupi, chepesi, na ncha za karibu milimita 25. Sahani zenye tundu la milimita 50 zikitiwa kwenye chuma chembamba hucheza na kugongana, na upande mmoja ukiteleza mzigo wote hupinduka. Nenda na futi ya fundi, pima tundu na ncha kabla ya kulipa. Halafu fikiria chumba. Nyumba nyingi za kupanga ni futi 10 kwa 10, yaani mita 3 na kidogo, kwa hivyo chuma cha mita 2.2 kinaacha chini ya nusu mita kila upande kabla hujaweka kitanda. Kwa chumba kama hicho dambeli zinatosha.

Namba iliyoandikwa kwenye sahani isiaminiwe macho. Sahani za plastiki zilizojazwa saruji ndizo hutofautiana zaidi, na kwa mazoezi jambo baya si kwamba ni pungufu bali kwamba pande mbili hazilingani. Zipeleke kwenye mizani ya duka au ya kinu cha kusagia unga. Anayenunua chuma kwa kilo ana haki ya kuona mizani hiyo ina muhuri wa uhakiki; asiyeuona anaweza kuripoti kwa ofisi ya kaunti ya vipimo na mizani.

Ukinunua kupitia mitandao, lipa baada ya kuona na kushika. Kutuma pesa kwa simu kwa ajili ya picha ni njia ya haraka ya kubaki na picha.

Ukiamua kuunda

Vyuma vya zege si aibu, vikitengenezwa sawasawa. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4, kwa hivyo mkebe wa rangi wa lita 4 hutoa kilo 9 na nusu hivi. Mikebe miwili na chuma kigumu cha duara cha unene wa milimita 25 na urefu wa mita moja na nusu, ambacho peke yake ni karibu kilo 6, hufanya kilo 25 kwa jumla.

Neno muhimu hapo ni chuma kigumu. Bomba la maji lina uwazi ndani. Hupinda taratibu bila mtu kugundua, kisha siku moja hukatika pale lilipoingia kwenye zege, ambapo unyevu umekuwa ukila. Nondo nayo ni ngumu lakini mikwaruzo yake huchuna viganja, na wengi huizungushia kitambaa kinachoteleza kwa jasho. Fundi akachomelee vipande vidogo vya nondo kwenye ncha zitakazozama ndani ya mkebe, ili zege lisizunguke wala kuchomoka. Mchanga uwe wa mto au wa shimo. Mchanga wa ufuoni una chumvi, nayo huanza kula chuma kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Baada ya kumwaga, funika kwa gunia lililoloweshwa na ulimwagie maji kwa siku 7 zisizopungua. Zege hukaribia nguvu zake kamili baada ya siku 28, na vijana wengi hunyanyua siku ya tatu, ndiyo maana zege lao hupasuka. Upande wa kwanza ukishagandamana ndipo umwage wa pili, na mikebe yote ipimwe kwa ndoo moja.

Gia za lori, magurudumu ya injini na madramu ya breki ni mali nzuri pia. Chuma cha kuyeyushwa hakipasuki kama zege. Kabla ya kuyapeleka nyumbani yaoshwe kwa mafuta taa na sabuni. Madramu ya breki yasipulizwe vumbi kwa upepo wa kompresa, kwa sababu vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Yamwagiwe maji kwanza. Fundi wa kuchomelea aombwe azungushe uchomeleaji mduara mzima badala ya kutia nukta nne, kisha asage kingo kali.

Chuma hicho kimetoka wapi? Januari 2022 serikali kuu ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya nguzo za umeme mkubwa kuanguka na nchi kuingia gizani, ikisema nguzo zilihujumiwa. Biashara ilifunguliwa tena Mei mwaka huo. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Kipande cha reli, kifuniko cha mtaro au chuma cha ukingo wa barabara ni mali ya umma, na kijana aliyekinunua kwa nia ya kukuza kifua anaweza kujikuta akijieleza kituoni. Nunua kwa mwenye leseni, na uchukue risiti.

Chumvi, kusi na kutu

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya ng'ambo unaposhindwa. Kuanzia Tiwi hadi Vanga, kusi inapovuma hubeba chembe za maji ya bahari hadi ndani ya nyumba. Mwenye nyumba Kinango au Samburu anaweza kuacha chuma uani mwaka mzima. Wa Diani hawezi. Mashine zenye nyaya, kapi na fani nyingi ndizo huharibika mapema, kwani kutu hukaa ndani ya waya na waya hukatika chini ya mzigo. Kwa aliye karibu na ufuo, mashine ya namna hiyo ni ya kuacha, hata ikiwa bei yake imeshushwa. Ng'aro ya kromu ya bei nafuu nayo hubambuka na kukata mkono.

Bora ni chuma kizito cha kawaida kilichopigwa msasa, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya mafuta, au sahani zilizovikwa mpira. Sehemu ya kushikia haipakwi rangi. Hupanguswa jasho kila baada ya mazoezi na kupakwa mafuta ya cherehani matone machache mara moja kwa wiki, kisha kufutwa yasiteleze. Oili chafu ya gari inachafua viganja na nguo, tena inateleza.

Mahali na usalama

Vigae hupasuka kwa chuma kilichoachiwa, na jirani wa ghorofa ya chini ana haki ya kulala. Tandika vipande vya matairi ya zamani au mkanda mzito wa mpira. Wanaoning'inia kwenye boriti za nyumba za zamani wazikague kwanza: gonga kwa nyundo, na sauti ikiwa ya uwazi au unga ukidondoka, mchwa wameshatangulia. Tawi nene la mwembe ni afadhali kuliko la mkorosho, ambalo hukatika upesi. Benchi lisiwekwe chini ya mnazi. Jambo hili linaonekana la mzaha, lakini kivuli chake huwavuta watu, na nazi haiangalii saa ya mazoezi.

Anayefanya peke yake asilale kwenye benchi kusukuma chuma kirefu juu ya kifua au shingo bila nguzo za kukizuia kisimfikie. Alale sakafuni na dambeli. Zikimshinda atazitua pembeni. Vyuma vyote vikae chini, si juu ya rafu, na viwe mbali na watoto, ambao huanza kwa kuviviringisha na kumalizia kwa kidole kilichopondeka.

Wazee na wanaopona hawahitaji vyuma hivyo. Kiti imara kisicho na magurudumu kinatosha kwa kuketi na kusimama mara 10 bila kutumia mikono, na ukanda wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye nguzo unatosha kwa kuvuta. Tyubu ikiwa na nyufa itupwe, isije ikakatika na kupiga jicho.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo apimwe kabla ya kuanza. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupimia shinikizo, kwa hivyo kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika nyumbani kwake. Kikionyesha namba za juu, aende kituo cha afya. Wakati wa kuinua asizuie pumzi, kwa sababu kuzuia pumzi hupandisha shinikizo ghafla. Atoe pumzi anapoinua na aivute anaposhusha. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni sababu ya kuacha papo hapo.

Saa nzuri ni kabla ya jua kupanda, au baada ya alasiri. Kwa waliofunga Ramadhani ni baada ya futari, wakiwa wamekwisha kunywa maji.

Na jimu ya uani ikianza kutoza majirani ada ya kuingia, hata shilingi chache kwa siku, tayari ni biashara na inahitaji leseni ya kaunti. Ni vyema mwenye nyumba afike katika ofisi za biashara kabla hajabandika bango.