Visu na Maradhi Katika Mji Mmoja

Mara nyingi twasikia mtu akisema juu ya mtaa fulani, "Kule ni kwa wahuni," na maneno yakaishia hapo. Asemaye hivyo amekwisha kuhukumu. Haulizi tena kwa nini damu humwagika mtaa ule na si huu. Leo twataka kuuliza swali hilo kwa kuutazama mji wa Glasgow, katika Uskoti. Si mji mgeni kabisa kwetu, maana David Livingstone alizaliwa Blantyre karibu nao mwaka 1813, na udaktari alijifunza papo hapo Glasgow.

Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa ya kushtusha. Mtoto wa kiume wa Calton, mtaa wa maskini mjini humo, aliweza kutazamia kuishi miaka 54. Mwenzake wa Lenzie, kitongoji cha watu wenye nafasi, miaka 82. Tofauti ni miaka 28, na Lenzie si mbali: kwa garimoshi hufiki nusu saa toka katikati ya mji.

Basi, mitaa ile ile iliyozika watu wake mapema kwa maradhi ya moyo, ini na mapafu, ndiyo iliyojaa vijana waliochanwa nyuso kwa visu. Kijana aliweza kushambuliwa kwa kosa tu la kuvuka barabara na kuingia mtaa wa genge jingine. Je, ugonjwa huzaa ujambazi? La, hatusemi hivyo; mwenye kikohozi hamchomi mtu kisu kwa sababu anakohoa. Vyote viwili vina mzizi mmoja: viwanda vya meli vilivyofungwa, nyumba mbovu, ulevi, na watoto waliokua wakitazama ngumi nyumbani mwao.

Mwaka 2005 polisi wa Strathclyde waliunda idara ya kupunguza ujeuri, chini ya Karyn McCluskey na John Carnochan. Hao waliamua kuutazama ujeuri kama daktari atazamavyo kipindupindu: umeanzia wapi, wapitaje toka mtu hadi mtu, na njia yake yaweza kukatwa wapi. Wakaona kwamba sehemu kubwa ya majeruhi waliotibiwa hospitalini hawakupata kuandikwa katika vitabu vya polisi. Kumbe wauguzi walijua zaidi kuliko askari!

Mwaka 2008 vijana wa magenge waliitwa mahakamani, lakini si kwa kushtakiwa. Walimsikia askari akiwaonya, daktari akieleza majeraha, na mama akisimulia jinsi mwanawe alivyouawa. Kisha wakapewa namba ya simu. Atakaye kuacha, apige, naye atasaidiwa kupata mafunzo, kazi, na matibabu ya ulevi. Asiyetaka, sheria yamngoja yeye pamoja na genge lake. Mwaka huo huo madaktari wapasuaji, waliochoka kushona nyuso, walianza kwenda mashuleni kuzungumza na watoto.

Mwaka 2004-05 watu wapatao 140 waliuawa katika Uskoti. Mwaka 2014-15 hawakufika 70. Tusitie chumvi: adhabu ya kuchukua kisu nayo iliongezwa miaka hiyo, na kuigawa sifa kwa haki si kazi rahisi. Tena mzizi haujang'oka. Mwaka 2020 watu 1,339 walikufa huko kwa madawa ya kulevya, hesabu kubwa kuliko ya mwaka wowote mwingine, na mitaa ya maskini ndiyo iliyolia zaidi. Kisu kiliachwa na wengi, sindano haikuachwa.

Carnochan, mpelelezi wa mauaji kwa miaka mingi, aliwahi kusema kwamba kama angepewa kuchagua kati ya askari 1,000 na wauguzi 1,000 wa kuwazuru watoto wachanga majumbani, angewachukua wauguzi. Nasi tulikuwa hatukutazamia kulisikia neno hilo kinywani mwa polisi.