Kujenga Mfumo wa Majitaka ya Nyumbani Wakati wa Kipupwe: Somo kwa Wenye Nyumba wa Handeni na Korogwe

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili msomaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini kipupwe ni majira mazuri ya kuchimba lakini si majira mazuri ya kupima maji ya ardhini;
(b) kukadiria ukubwa wa tangi la majitaka na wa shimo la kufyonza;
(c) kuupima udongo wa kiwanja chake kwa njia nyepesi;
(d) kuikagua kazi ya fundi kabla ya kumlipa malipo ya mwisho.

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe majitaka huishia ndani ya kiwanja chenyewe. Kaya iliyokuwa ikichota maji kwa ndoo na kutumia choo cha shimo ilizalisha majitaka machache. Kaya hiyo ikivutiwa bomba na kujenga choo cha kuvuta kwa maji, majitaka yake huongezeka mara kadhaa. Kwa hiyo kila hatua ya kusogeza huduma ya maji, ukiwemo mradi wa maji wa miji 28 unaozihusisha Handeni na Korogwe, humwachia mwenye nyumba swali la pili: maji hayo, yakisha kutumika, yatakwenda wapi?

Mfumo wa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lisilovuja, ambamo vitu vizito hutuama chini na kuwa tope, mafuta na mapovu huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa huozesha sehemu ya uchafu. Ya pili ni shimo la kufyonza, ambalo hupokea maji yaliyotoka tangini na kuyapitisha polepole udongoni. Udongo ndio unaomalizia kazi ya kuyasafisha. Udongo huo ukijaa maji, kazi hiyo haifanyiki, na vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupata njia ya kufika kisimani.

2. Faida ya kipupwe, na udanganyifu wake

Masika huanza Machi na kwisha Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake, Juni hadi Agosti, ni kipupwe: mvua hupungua, usiku huwa wa baridi, na pepo za kusi huvuma. Mahindi huvunwa, fedha hupatikana, na mafundi huwa na nafasi. Kuta za shimo hazibomoki kwa urahisi kama wakati wa mvua. Hizi ni sababu za kweli za kuchagua majira haya.

Miongozo iliyoandikwa katika nchi za baridi kali, kama Canada na Sweden, humwonya mjenzi kuhusu ardhi inayoganda na mabomba yanayojaa barafu. Baridi ya Handeni haigandishi ardhi, na vijidudu vya tangini huendelea kufanya kazi, ingawa kwa kasi ndogo kidogo kuliko wakati wa joto. Hatari ya kipupwe chetu ni nyingine: ni ukavu wake. Shimo lililo kavu mwezi Julai laweza kusimama maji mwezi Aprili. Anayeamua kina cha shimo kwa kuutazama ukavu wa Julai hujenga mfumo utakaofanya kazi nusu ya mwaka tu.

Kanuni ya somo hili basi ni hii: pima maji wakati wa masika, chimba wakati wa kipupwe.

3. Kutambua kimo cha juu cha maji ya ardhini

Sakafu ya shimo la kufyonza iwe juu ya kimo cha juu kabisa cha maji ya ardhini kwa mita 2 au zaidi. Kimo hicho hutambuliwa kwa njia tatu.

Kwanza, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, pima kwa kamba yenye jiwe umbali kutoka usawa wa ardhi hadi kwenye maji ya kisima kilicho karibu, chenye usawa sawa na wa kiwanja chako. Andika kipimo na tarehe.

Pili, kama masika yamekwisha pita, zichunguze kuta za shimo la majaribio. Udongo unaokaa majini sehemu ya mwaka huwa na madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu. Mahali madoa yanapoanza ndipo maji yanapopanda, hata kama siku hiyo hakuna tone.

Tatu, waulize wazee na majirani ni mashimo gani ya choo hufurika wakati wa mvua, na ni wapi maji huchelewa kukauka.

4. Kupima ufyonzaji wa udongo

Chimba kitundu chenye upana wa sentimita 30 katika kina ambacho shimo la kufyonza litafika. Kijaze maji na uendelee kukiongeza mpaka udongo umelowa usiku mzima. Asubuhi mwaga maji hadi yafike kimo cha sentimita 15, kisha pima ni dakika ngapi zinapita mpaka yashuke sentimita 2.5. Rudia mara tatu na uchukue kipimo cha mwisho.

Dakika 5 hadi 30 ni dalili ya udongo unaofyonza vizuri. Zikizidi 60, shimo la kawaida halifai. Maji yakitoweka mara moja, udongo hauyachuji vya kutosha, na visima vya jirani vimo hatarini.

Kulowesha usiku mzima kusiachwe. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana mabondeni hupasuka wakati wa kiangazi na kipupwe. Maji yanayomiminwa hupotelea katika nyufa, na mpimaji hudhani kuwa udongo unafyonza. Masika ikifika udongo huo huvimba, nyufa hufunga, na maji hayana tena pa kupita. Aidha, uvimbe huo husukuma kuta za tangi na kuzipasua.

5. Mfano wa hesabu

Tuchukue kaya ya watu 6 yenye maji ya bomba, ambapo kila mtu hutumia lita 100 kwa siku.

Tangi. Majitaka ya siku moja ni lita 600. Tukitaka yatulie siku 2, tunahitaji lita 1,200. Tope hukadiriwa kuwa lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni lita 720. Jumla ni lita 1,920. Tangi lenye upana wa mita 1.0, urefu wa mita 2.1 na kina cha maji cha mita 1.2 huchukua lita 2,520, hivyo linatosha na lina akiba. Ligawanywe vyumba viwili: cha kwanza mita 1.4, cha pili mita 0.7. Juu ya maji ibaki nafasi ya sentimita 30.

Shimo la kufyonza. Ukuta wa tifutifu ya kichanga hupokea takribani lita 30 kwa mita ya mraba kwa siku. Wa mfinyanzi, lita 10. Katika tifutifu, lita 600 zinahitaji mita za mraba 20. Shimo la mviringo lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3.2 chini ya bomba linatoa eneo hilo. Bomba likiingia nusu mita chini ya ardhi, sakafu ya shimo itakuwa kwenye mita 3.7.

Sasa tuseme kisima cha jirani kilionyesha maji kwenye mita 7 mwezi Julai, na kwenye mita 4.5 mwezi Aprili. Kwa kipimo cha Julai shimo hilo linaruhusiwa, kwa kuwa linabakiza mita 3.3 za udongo. Kwa kipimo cha Aprili linakataliwa: zinabaki sentimita 80 tu. Suluhisho ni mashimo mawili yenye kina cha mita 1.6 kila moja chini ya bomba, yakiachana mita 6. Eneo ni lilelile, lakini sakafu iko kwenye mita 2.1, na udongo uliobaki ni mita 2.4.

Maji yakipanda juu zaidi ya hapo, ombeni ushauri wa mhandisi wa halmashauri kuhusu mitaro mifupi ya kina kidogo au tangi lililofungwa kabisa ambalo hunyonywa na gari.

6. Mahali pa kujenga

Shimo la kufyonza liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Liwe mbali na msingi wa nyumba kwa mita 5. Kwa wakazi wa kandokando ya mto Pangani, ikumbukwe kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli zinazoweza kuyaathiri mazingira yake. Acheni pia njia ya gari la kunyonya majitaka. Tangi lililojengwa nyuma ya nyumba pasipofikika litakuja kuchotwa kwa ndoo.

Kabla ya kuchimba, chukueni kibali cha ujenzi katika halmashauri na mwiteni afisa afya akione kiwanja.

7. Ujenzi wakati wa baridi na upepo

Saruji hukomaa polepole zaidi siku za baridi, na upepo mkavu wa kipupwe huikausha juu kabla haijashika ndani. Zege na plasta vifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Mbao zinazoshikilia mfuniko zisiondolewe kabla ya siku 14.

Maji ni ghali Handeni wakati huu, na fundi huweza kushawishika kuyabania. Mwenye nyumba ayaweke akiba tangu masika. Lita 2,520 za kujaza tangi ni madumu 126 ya lita 20; zihesabiwe katika gharama tangu mwanzo.

Atakayetumia tangi la plastiki azingatie jambo moja. Tangi la lita 2,000 likizikwa tupu, kisha maji ya ardhini yakalizunguka, husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 2, na litaibuka pamoja na mabomba yake. Lijazwe maji wakati udongo unaporudishiwa, na lishikiliwe kwa zege.

Shimo lenye kina cha zaidi ya mita moja na nusu lisichimbwe bila kuegemeza kuta au kuzipa mteremko. Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo, na shimo lizungushiwe uzio usiku.

8. Ukaguzi kabla ya malipo ya mwisho

Mkataba na fundi uandikwe, hata uwe wa ukurasa mmoja, na malipo yagawanywe kwa hatua. Sehemu ya mwisho isitolewe mpaka mambo haya yathibitishwe:

(a) Tangi limejazwa maji na kuachwa saa 24 bila kimo kushuka. Maji hayo hayapotei. Yanabaki ndani, kwa sababu tangi huanza kazi likiwa limejaa.
(b) Bomba la kuingilia na la kutokea yana viungo vyenye umbo la herufi T, na la kutokea liko chini kidogo kuliko la kuingilia.
(c) Kila chumba kina mfuniko wa ukaguzi unaoziba vizuri, na kuna bomba la kupumulia.
(d) Maji ya mvua ya paa na ya uwanja hayaelekei kwenye tangi wala kwenye shimo.
(e) Vipimo vya mahali lilipo tangi vimechorwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa pamoja na stakabadhi.

Msinunue dawa za kuanzishia tangi wala kutumbukiza hamira au nyama. Kinyesi chenyewe kina vijidudu vya kutosha. Hakuna dawa inayoondoa haja ya kunyonya tope; likaguliwe kila mwaka na kunyonywa kabla halijafika theluthi ya kina.

Onyo: tangi lililokwisha tumika lina hewa yenye sumu inayoweza kuua kwa dakika chache, na anayeingia kumwokoa mwenzake huweza kufa pia. Mtu yeyote asiingie, hata kama tangi limenyonywa na linaonekana tupu. Moto usiwashwe karibu na mfuniko uliofunguliwa.

9. Kalenda ya kazi

Aprili na Mei: kupima kimo cha maji, kuweka akiba ya maji.
Juni: kupima udongo, kuomba kibali, kuandika mkataba.
Julai: kuchimba na kujenga.
Agosti: kumwagilia zege, kujaza tangi, kukagua.
Septemba: kurudishia udongo na kuchimba mifereji ya mvua kabla ya vuli.

Maswali ya kujipima

1. Shimo la kufyonza lina sakafu kwenye mita 3. Maji ya kisima yalikuwa mita 6 mwezi Agosti na mita 4 mwezi Mei. Je, shimo linafaa? Toa sababu.
2. Kwa nini udongo mweusi uloweshwe usiku mzima kabla ya kupimwa wakati wa kipupwe?
3. Kadiria ujazo wa tangi kwa kaya ya watu 9, ukitumia viwango vya sehemu ya 5.
4. Fundi anadai malipo yote siku plasta inapokamilika. Ni mambo gani bado hayajathibitishwa?

Majibu mafupi: (1) Halifai, wakati wa masika hubaki mita 1 tu ya udongo. (2) Ili nyufa zifunge na kipimo kionyeshe hali ya masika. (3) Lita 1,800 na 1,080. Jumla lita 2,880. (4) Tangi halijajazwa na kuachwa saa 24, na mambo (b) hadi (e) ya sehemu ya 8 hayajakaguliwa.