Nunua Nafasi Kwanza, Diski Itafuata

Wadogo zangu, wiki hii nina barua mbili zinazojibizana bila wenyewe kujuana. Mmoja anapiga video za harusi na mazishi pale Kitale; diski zake za nje zimejaa droo nzima na hajui ipi ina nini. Mwenzake yuko Bungoma, ameanza kupata kazi za tohara, na anataka nimtajie kompyuta "kubwa kabisa" ya kuhifadhia kazi ili asisumbuke tena. Nitawajibu kwa pamoja.

Nianze na wewe wa Bungoma, kwa maana hilo "kubwa kabisa" ndilo litakalokumaliza pesa. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili, kila moja ikirekodi saa nne, tayari ni gigabaiti 360. Kazi tatu za namna hiyo zimemaliza terabaiti nzima na kuvuka. Na tohara za Wabukusu unazijua: huja Agosti ya mwaka wa namba shufwa, zote kwa mkupuo. Kijana anazunguka na njuga zake akialika jamaa, anakwenda kwa mjomba anavishwa nyama shingoni, usiku ni nyimbo mpaka alfajiri anapopelekwa mtoni kupakwa matope. Hakuna unachoweza kumwambia arudie. Halafu mwaka unaofuata kazi hizo hakuna, na diski ulizokopea zinakutazama tu. Kwa hivyo usitafute sanduku kubwa la leo. Tafuta sanduku litakalopokea diski moja zaidi kila ukilipwa.

Sanduku lenyewe si la kukutisha. Kompyuta ya ex-UK yatosha, mradi iwe ile ya kusimama, yenye kasha kubwa. Zile ndogo za ofisini zinapendeza mezani lakini ndani huingia diski moja, mbili ukibahatika. Mwambie fundi afungue ubavu kabla hujatoa hata shilingi, kisha uhesabu mwenyewe: nafasi za diski za inchi 3.5, matundu ya SATA kwenye ubao mama, na vichwa vya umeme vya SATA vinavyotoka kwenye pawa saplai. Ile hesabu ndogo kuliko zote ndiyo hesabu ya diski utakazoweka. Matundu yakija kuisha, kuna kadi za kuongezea, lakini nafasi ya kasha haiongezeki. Prosesa isikuumize kichwa. I5 ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 8 itaifanya kazi hii huku inasinzia, kwa sababu sanduku hili, yaani seva, linahifadhi tu, kuhariri kutabaki kwenye mashine yako.

Na tafadhali, msiniambie mtachomeka diski za nje sita kwenye USB moja muiite seva. Kebo ikicheza kidogo tu wakati wa kunakili, mtalia.

Diski sasa. Muulize muuzaji kama ni CMR au SMR, na akikosa jibu, tafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwenye SMR mistari ya data hupandana kama mabati ya paa, hivyo kuandika upya mahali pamoja kunalazimu kuinua na ya jirani. Kusoma ni sawa, kuandika kwingi kunakuwa kwa kukokota miguu. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, ni za SMR, kwa hiyo jina kwenye lebo pekee halitoshi. Diski ya mtumba ikaguliwe kwa programu inayosoma SMART: saa ilizofanya kazi na sekta zilizohamishwa. Sekta zilizohamishwa zikiwa zimeanza kupanda, mrudishie mwenyewe. Msishtuke pia diski ya terabaiti 4 ikionyesha 3.6 kwenye Windows. Hamjaibiwa, ni hesabu mbili tofauti za kitu kilekile.

Hapa kwenye programu ndipo wengi hupotezwa na mafundi wa mitandaoni. Watawaambia mfunge RAID ya kawaida, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja: diski nne za ukubwa mmoja, zinunuliwe siku moja. Ni nzuri kwa mwenye bajeti ya benki. ZFS, inayotumika ndani ya mfumo wa seva wa TrueNAS, ni hodari sana wa kugundua faili iliyooza kimyakimya, ila kwa miaka mingi hukuweza kuongeza diski moja kwenye kundi la RAIDZ. Ulilazimika kuongeza kundi zima. Kuanzia OpenZFS 2.3 ya Januari 2025 inawezekana kuongeza moja moja. Hata hivyo, kwa mfuko wenu na kazi yenu, mimi nawashauri mfumo wa seva wa OpenMediaVault, ambao ni wa bure, pamoja na mergerfs na SnapRAID. Mergerfs hukuonyesha diski zote kama folda moja hata kama moja ni ya terabaiti 4 na nyingine 8. SnapRAID hutumia diski moja kutunza hesabu ya kuokolea zilizobaki. Sharti ni moja: hiyo ya hesabu isiwe ndogo kuliko yoyote ya data, kwa hiyo kila mara diski kubwa mpya ndiyo iende kwenye hesabu, ya zamani ishuke kwenye data.

Nimeipendea nini? Video za harusi mkishazihifadhi hamzigusi tena, na SnapRAID imetengenezewa faili za namna hiyo hasa. Diski mbili zikifa kwa pamoja, mtapoteza za hizo mbili tu. Nyingine zinasomeka zenyewe kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Ubaya wake ni kwamba hesabu hufanywa pale unapoamuru, au usiku ukiipangia. Kazi ya leo haina kinga mpaka hesabu ipite. Basi kadi ya kamera isifomatiwe kabla ya hapo, hata kama kesho una kazi Chwele na kadi ni hiyo moja. Nunua kadi ya pili, mdogo wangu.

Ruta na seva ziunganishwe kwa kebo ya Cat 6. Kwenye mtandao wa gigabiti mtapata takriban megabaiti 110 kwa sekunde, yaani zile gigabaiti 360 zinaingia chini ya saa moja. Kwa Wi-Fi mtalala zikiendelea.

Stima nayo. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na upande wetu huu Agosti ni radi kila alasiri. UPS ni lazima, tena ile yenye kebo ya USB, ili seva iambiwe betri inakwisha na ijizime yenyewe kwa adabu. Mawingu yakianza kukusanyika kutoka Mlima Elgon, chomoa na kebo ya intaneti; radi hupitia huko pia.

Kuhusu pesa, wewe wa Kitale umeniambia wateja hurudi baada ya miaka miwili kuomba video na wewe humtozi mtu. Hapo hapo mjini kwenu kuna jumba la makumbusho lililotokana na Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu na vitabu na kufungua jumba lake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 wosia wake uliacha mkusanyo pamoja na fedha za jengo jipya, nalo likafunguliwa 1974. Nawe fanya hivyo, kazi iende na fedha za kuitunzia: ndani ya bei ya kila kazi weka pesa ya kuhifadhi, na kwenye mkataba andika utaitunza kwa muda gani. Baada ya hapo analipia au unafuta. Usione haya.

Sasa jambo lililonifanya niwaweke pamoja. Seva yenye hesabu za kuokolea bado ni nakala moja. Mwizi akiibeba, ameibeba na hesabu zake. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kupakia terabaiti mtandaoni kwa bando zetu ni ndoto, lakini Kitale na Bungoma zimeunganishwa na matatu zinazopita Kiminini, Kamukuywa na Webuye kutwa nzima. Tunzianeni. Kila mmoja anunue diski moja ya ziada, aifunge kwa nywila kwa programu ya VeraCrypt, ampelekee mwenzake, na mbadilishane kila mwisho wa mwezi. Nasisitiza kuifunga, hasa wewe wa tohara: hao ni watoto wa watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Diski ikipotea njiani, aliyeiokota asione chochote.

Diski isafiri imefungwa kwenye kitambaa ndani ya begi, begi likae mapajani, si kwenye buti chini ya gunia la mahindi. Nani atalipa nauli, hayo mtaelewana wenyewe.