Darubini ya jioni: usinunue namba kubwa, gawanya kwanza

Leo somo ni darubini, hizi za macho mawili za kuvaa shingoni. Kama duka lako liko karibu na hifadhi, mashamba au malisho, hii bidhaa inatoka. Ila ina mtego, na mimi niliuingia miguu yote miwili.

Nipo Same mjini. Nauza tochi, redio, betri, chaji na vitu vidogo vidogo. Niliishia kidato cha nne, kwa hiyo haya sikufundishwa darasani. Nimefundishwa na hasara.

Wateja wangu wa darubini ni wakulima wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa Mkomazi wanaolinda mahindi yasiliwe na tembo, wafugaji wanaotafuta ng'ombe aliyepotea, na vijana wanaoongoza wageni Mkomazi au kwenye msitu wa Chome kule Shengena. Mara moja moja anakuja mwenye kibali cha kuwinda. Wote wanafanana kwa kitu kimoja: wanaihitaji zaidi alfajiri na jioni, maana ndio muda wanyama wanatembea.

Mwaka jana nilichukua darubini 6 kwa muuzaji wa jumla Dar. Ndogo, zinakunjika, lensi nyekundu zinang'aa, zimeandikwa 30x60. Kwenye boksi kuna picha ya mwezi na maneno kwamba zinaona mchana na usiku. Nikajua nimeula. Ya kwanza nikamuuzia mzee mmoja wa upande wa Kisiwani kwa 45,000.

Baada ya wiki mbili mzee karudi. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka darubini juu ya kaunta taratibu. Akasema, "Mwanangu, hii kitu mchana naona mpaka kengele ya ng'ombe. Ikifika saa 12 na nusu jioni naona giza tu, ila limesogezwa karibu."

Tembo walikuwa wameingia shambani kwake. Yeye alikuwa ameangalia ukingo wa pori kwa darubini yangu, akaona pako shwari, akaenda kula. Mistari mingi ya mahindi ikaliwa. Mbaya zaidi, mwanaye alikuwa anakatiza huko huko kwa miguu akiamini baba ameshaangalia. Mungu alisaidia, akasikia matawi yanavunjika akarudi mbio. Nikamrudishia mzee hela yake yote. Mnatujua Wapare kwenye mambo ya hela, lakini ile nilitoa bila kubishana. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikaazima darubini ya kijana mmoja anayeongoza wageni. Imechakaa, imeandikwa 8x42. Jioni nikasimama nje ya duka na zote mbili, naangalia chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara. Saa 12 jioni zilikuwa zinakaribiana. Nusu saa baadaye ile yangu ilionyesha weusi mtupu, ile 8x42 bado naona mbuzi aliyelala na kamba yake. Ndipo nikaanza kujifunza. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. ELEWA NAMBA MBILI
Kwenye 8x42, 8 ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. 42 ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita. Lensi ya mbele ni kama mdomo wa ndoo kwenye mvua: ukiwa mpana, mwanga mwingi unaingia.

2. GAWANYA
Chukua namba ya pili gawanya kwa ya kwanza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalotoka kuelekea kwenye jicho lako, kwa milimita.
10x25 = 2.5
10x42 = 4.2
10x50 = 5
8x42 = 5 na robo
7x50 = 7 na kidogo

Sasa mboni ya jicho. Kwenye jua kali inajibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo hata 10x25 inatosha mchana. Ndiyo maana mzee alisifu kengele ya ng'ombe. Gizani mboni inafunguka, kwa kijana inaweza kufika 7 hivi, kwa mtu mzima mara nyingi kama 5. Ukimpa jicho lililofunguka 5 duara la 2.5, umemnyima mwanga. Hakuna ujanja hapo.

Kwa jioni, usishuke chini ya 4. Ukipata 5, umempatia mteja wako. Mabaharia wa majeshi ya majini walitumia sana 7x50 kwenye Vita Kuu ya Pili kwa sababu hii hii, ila ni nzito kutembea nayo milimani. Kwa mkulima na mfugaji mimi nashauri 8x42. 10x50 nampa anayekaa sehemu moja mwenye pa kuegemeza mikono, maana ukishafika mara 10 mkono ukitetemeka kidogo tu picha inacheza.

3. PIMA KWA RULA, USIAMINI MAANDISHI
Zile zangu za 30x60 nilipima lensi ya mbele: milimita 25 hivi. Hiyo 60 haikuwepo popote. Na hata zingekuwa 30x60 za kweli, 60 gawanya kwa 30 ni 2. Bado giza. Nenda Kariakoo na rula mfukoni. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Zile za kuvuta, kama 10-30x50, ziogope pia. Kwenye 10 unapata 5, ukivuta mpaka 30 unabaki na 1.7 hivi.

4. ANGALIA RANGI YA LENSI
Kioo kitupu kisichopakwa dawa kinarudisha mwanga kama asilimia 4 kila uso wake, na ndani ya darubini kuna nyuso nyingi. Ndiyo maana lensi hupakwa. Washa tochi ya simu, mulika lensi ya mbele kwa pembeni. Mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ni dalili nzuri. Mng'ao mkali mweupe kama kioo cha kujitazamia, iache. Na ile nyekundu kama rubi inapendeza dukani tu: nyekundu unayoiona ni mwanga unaotupwa nje, haufiki jichoni. Kwenye boksi tafuta herufi FMC, maana yake nyuso zote zimepakwa tabaka kadhaa. Lakini maandishi yanadanganya, tochi haidanganyi.

5. SHIKA MBALI NA USO
Nyoosha mikono, elekeza darubini kwenye anga (kamwe si kwenye jua, utapofuka), angalia vile viduara viwili vya mwanga kwenye lensi za machoni. Viwe duara safi. Vikiwa vimekatwa pembeni kama almasi, kioo cha ndani ni cha bei rahisi na mwanga unapotea.

6. TINGISHA, KISHA ANGALIA NGUZO
Ikilia ndani kama njuga, rudisha. Halafu angalia nguzo ya umeme ya mbali kwa dakika moja. Macho mawili yaone nguzo moja. Ukiona mbili au kichwa kinaanza kuuma, pande zake hazijalingana, na huwezi kuitengeneza dukani.

7. KWA HELA NDOGO, CHUKUA YENYE MABEGA
Kuna zilizonyooka kama mabomba mawili, na kuna zenye mabega, lensi za mbele zimeachana kuliko za macho. Kwa bei ya chini, zenye mabega kwa kawaida zinatoa picha safi zaidi. Zilizonyooka nzuri zipo, ila bei yake si ya kwetu. Ila kwa mteja wa Shengena ambako kuna ukungu na manyunyu, tafuta iliyozibwa maji hata kama anaongeza kidogo.

SASA KUUZA

Usimwambie mteja "inaona usiku". Darubini ya kawaida haitengenezi mwanga, inakusanya uliopo. Inakuongezea muda jioni, na usiku wa mbalamwezi inasaidia, basi. Upande wa Kisiwani na Maore milima iko magharibi, jua linajificha mapema, na kwetu huku karibu na ikweta jua likizama, ndani ya nusu saa hivi ni giza. Hizo dakika chache ndizo unazomuuzia. Zitaje hivyo hivyo.

Mwache ajaribu. Akija mchana, mwambie aangalie ndani ya duka lenye giza ng'ambo ya barabara, siyo mlimani kwenye jua.

Mkumbushe kwamba akiona tembo, darubini imemaliza kazi. Anaondoa watu njiani na kupiga simu kwa askari wa wanyamapori au uongozi wa kijiji. Haimpi ruhusa ya kuwasogelea. Na akija mtu anataka "ya kuonea swala usiku" halafu ukimuuliza kibali anacheka, achana naye. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna cha kibali.

Zile 5 zilizobaki niliziuza kwa bei niliyonunulia, kwa watu wa kuangalia mpira uwanjani mchana, na niliwaambia ukweli. Faida sifuri. Kisha nikaagiza 8x42 mbili tu zije kwa basi, nikapima moja moja kabla ya kuziweka kabatini.

Ya kwanza nilimpigia simu yule mzee. Alikuja jioni, akasimama pale nje mpaka giza likaingia kabisa, hakusema neno. Akalipa. Msimu uliofuata alinitumia majirani zake wawili.

Rula, tochi ya simu, na hesabu ya kugawanya. Mwenye swali aulize, nitajibu nikifunga duka.