Keki za Vijiti kwa Sherehe za Kuzaliwa: Utengenezaji, Upambaji na Hesabu Zake

Katika vyama vingi vya akiba na mikopo tunavyovikagua, mikopo midogo ya akina mama haiendi tena kwenye vitenge na dagaa peke yake. Sehemu yake siku hizi huenda kwenye unga, mayai na sukari, kwa ajili ya keki za sherehe. Mzazi wa mjini aliyezoea kuagiza keki moja kubwa ya kukatwa sasa huomba pia vijikeki vidogo vya mviringo vilivyochomekwa kwenye vijiti, ili kila mtoto apate chake na arudi nacho nyumbani. Vikundi kadhaa vimeomba somo juu ya kazi hiyo. Halmashauri zinazopitisha mikopo nazo zisome, kwa kuwa si haki kumkatalia mwanachama mkopo wa kazi ambayo mjumbe haijui, wala si busara kumkubalia kwa sababu hiyo hiyo.

Keki za vijiti zilipata umaarufu Marekani kuanzia mwaka 2008, kwa juhudi za mama mmoja wa jimbo la Georgia, Angie Dudley, anayejulikana zaidi kwa jina la Bakerella. Kitabu chake juu ya keki hizo kilitoka mwaka 2010, na mwaka 2011 migahawa ya Starbucks nchini humo ikaanza kuziuza. Lakini wazo lenyewe la kufinyanga mabaki ya keki ni kongwe kuliko hapo. Waokaji wa Denmark hukusanya keki zilizobaki dukani, wakazichanganya na kakao na ladha ya ramu, wakazifinyanga kuwa madonge yanayoitwa romkugler. Nataja jambo hili kwa sababu ya hesabu: keki iliyovunjika au iliyozama katikati si lazima iandikwe kuwa hasara.

Kwa madonge yapatayo 40 chukua unga wa ngano gramu 250, siagi ya kupikia gramu 250, sukari gramu 250, mayai manne na vijiko viwili vidogo vya bekingi pauda. Saga siagi na sukari hadi viwe vyeupe na vyepesi, tia yai moja moja, kisha unga. Oka katika oveni kwa moto wa nyuzi 180 muda wa dakika 30 hadi 40. Asiye na oveni atumie sufuria na mkaa, moto mdogo chini na mwingi juu ya mfuniko, kama akina mama wetu walivyooka miaka yote. Keki hii haihitaji uso mzuri, maana itavunjwa. Inahitaji kuiva hadi katikati. Unga mbichi na yai bichi ni hatari kwa tumbo la mtoto, na baada ya hatua hii hakuna moto mwingine utakaoua vijidudu.

Keki ikisha kupoa kabisa, ondoa ukoko wa kahawia na uifikiche kwa vidole mpaka iwe chenga laini zisizo na mabonge. Utabaki na gramu zipatazo 800. Tayarisha krimu kwa siagi gramu 65 na sukari laini ya aisingi gramu 135. Hapa ndipo wengi huharibu. Krimu isimwagwe yote kwa pamoja. Tia theluthi mbili, changanya, kisha kamata kiasi kidogo kiganjani na ukibane: kikishikamana bila kukuachia mafuta mkononi, basi imetosha. Ikizidi, donge huwa zito na huteleza kutoka kwenye kijiti, ikipungua, hupasuka. Pima kila donge kwa mizani, gramu 25, na uliviringe liwe laini kabisa, kwa kuwa kila ufa utaonekana baada ya kupakwa. Sisitizo la mizani si la urembo. Kikundi kinachokadiria kwa jicho hutoa madonge 32 mahali pa 40, na hakijui manane yamekwenda wapi.

Weka madonge kwenye friji kwa saa moja au mbili. Penye shida ya umeme, boksi la barafu linafaa ikiwa chombo cha keki kimefungwa vizuri, maji yasiingie. Yawe baridi na magumu, lakini yasigande kama barafu, na yatolewe dakika tano hadi kumi kabla ya kuchovywa. Donge lililoganda likifunikwa na chokoleti ya moto hutanuka linapopata joto, na ganda lake hupasuka. Mpishi hulaumu chokoleti, naye muuza duka hulaumiwa bure.

Juu ya chokoleti yafaa tueleweshane vizuri, kwa maana ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Ziko aina mbili. Ya kwanza ni chokoleti halisi yenye mafuta ya kakao. Mafuta hayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili, na ndiyo maana chokoleti hiyo ni tamu ulimini. Lakini ili igande ikiwa ngumu na yenye kung'aa, sharti iyeyushwe, ipozwe, kisha ipashwe tena kwa vipimo maalumu. Ile nyeusi hufikishwa nyuzi 45 hadi 50, hushushwa hadi 27 au 28, na kupandishwa hadi 31 au 32. Bila kipimajoto kazi hiyo haiwezekani kwa uhakika. Aina ya pili ni chokoleti ya kupakia, ambayo ndani yake yamewekwa mafuta mengine ya mimea badala ya ya kakao. Hii huyeyushwa tu na kutumiwa, na huhimili joto kidogo zaidi. Kwa vikundi vinavyoanza napendekeza hiyo ya pili, ijapokuwa ladha yake ni duni. Naisema kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa wakulima wa Kyela mkoani Mbeya hulima kakao nzuri, nayo huuzwa kupitia vyama vya ushirika. Ila kakao na hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara mwezi wa Januari ni mambo mawili.

Yeyusha chokoleti kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji ya moto yasiyochemka. Tone moja la maji likiingia, chokoleti yote hukamata na kuwa kama uji ulioganda. Kwa sababu hiyo hiyo usitie rangi ya maji. Tumia rangi ya unga au ya mafuta. Chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti kiasi cha sentimita moja, kisha kichomeke mpaka nusu ya donge na ungoje kishike. Ndipo uchovye donge zima, mara moja, wima, bila kukoroga. Litoe na ugongegonge kifundo cha mkono wako polepole huku ukilizungusha, mpaka ziada yote idondoke. Madonge 40 hula chokoleti gramu 480 hivi, lakini yeyusha 600 ili pawe na kina cha kuchovyea, inayobaki huhifadhiwa.

Pa kuzisimamisha si lazima pawe pa kununua. Kipande cha mgomba kilichooshwa na kufungwa kwa karatasi safi ya plastiki hushika vijiti barabara, wala hakina gharama.

Mapambo hutiwa ganda likiwa bado bichi, si baadaye. Chenga za sukari za rangi hupendwa na watoto, lakini nazi iliyokaushwa, korosho na karanga zilizopondwa hupendeza vilevile na bei yake ni ya kwetu. Ila kwa karanga na korosho mwulize mzazi kwanza, kwa kuwa wapo watoto ambao chakula hicho huwadhuru vibaya. Macho, pua na masikio ya wanyama huchorwa ganda likisha kuwa gumu, kwa chokoleti iliyotiwa kwenye mfuko mdogo wa karatasi uliokatwa ncha. Kwa mkono usiozoea ningeshauri rangi mbili na mistari tu. Simba aliyechorwa vibaya hamfurahishi mtoto.

Vijiti viwe vya karatasi ngumu vinavyouzwa kwa kazi hii kwenye maduka ya vifaa vya keki. Vijiti vya mishikaki vina ncha. Mtoto akikimbia navyo mdomoni ni balaa. Watoto wa chini ya miaka minne wasipewe donge zima wala kijiti, bali wakatiwe vipande vidogo kwenye sahani. Kikundi kimwambie mzazi jambo hili wakati wa kupokea oda, si mlangoni wakati wa kukabidhi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kikundi kimoja nilichokikagua kilikuwa na oda kila Jumamosi, wateja wakisifu, na bado marejesho ya mkopo yakachelewa miezi mitatu. Wanachama wakaanza kutazamana kwa mashaka, na mtunza fedha akatoa machozi mbele ya mkutano. Hakuna aliyeiba. Bei ndiyo iliyokula fedha. Bei za leo hutofautiana kila mkoa, hivyo nitatumia tarakimu za mfano ili kosa lenyewe lionekane. Tuseme vitu vya keki ni shilingi 7,000 na krimu 1,500; jumla 8,500. Kikundi kiliishia hapo. Kikauza keki 40 kwa shilingi 500 kila moja, kikapata 20,000, na kuandika faida ya 11,500. Lakini chokoleti na mapambo ni 12,000, vijiti, karatasi na utepe 3,500, mkaa na umeme 2,000. Gharama halisi ni 26,000. Ile faida ya 11,500 ni hasara ya 6,000, nayo hurudiwa kila Jumamosi.

Wala hatujamaliza. Katika 40, tuchukulie kwamba nne huanguka au hupasuka. Gawanya 26,000 kwa 36, kila moja imegharimu shilingi 722 hivi kabla ya mtu yeyote kulipwa jasho lake. Akina mama wawili wakilipwa 5,000 kila mmoja, gharama hufika 36,000, yaani shilingi 1,000 kwa keki. Bei ya kuuzia huanzia juu ya hapo. Mteja akiona ni ghali, apunguziwe idadi au mapambo, si bei.

Malipo ya awali yawe nusu ya oda, kwa stakabadhi yenye tarehe na idadi. Fedha hiyo isiingizwe kwenye mauzo siku inapopokelewa. Ni deni la kikundi kwa mteja mpaka keki zikabidhiwe. Anayetaka kuuza madukani badala ya kwa oda azingatie pia kuwa tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, gharama ya boksi iingizwe kwenye bei.

Keki zisizo na jibini wala krimu ya maziwa hukaa siku moja au mbili mahali pa ubaridi, na karibu wiki moja kwenye friji zikiwa zimefungwa. Pwani zipelekwe asubuhi mapema. Chenga na ukoko uliobaki upimwe na kuandikwa kwenye daftari la bohari siku hiyo hiyo, kwa uzito, ili oda ifuatayo ianze na kiasi hicho.